Prosesa 214, Katoni Moja ya Viatu

Leo sitaandika kuhusu programu. Jambo hili limenikaa kichwani tangu Jumamosi iliyopita, na naona afadhali niliandike nilimalize.

Jumamosi asubuhi fundi mmoja wa Kariobangi Light Industries alinipigia simu. Amekuwa akitengeneza kompyuta kwa zaidi ya miaka ishirini, na anaujua ugonjwa wangu: mimi hukusanya prosesa za zamani. "Ndugu yangu," akasema, "nina ndoo nzima ya prosesa hapa. Mtu wa dhahabu anakuja Jumatatu kuichukua yote kwa kilo. Njoo uchague kabla hajafika. Unataka zipi?"

Miaka kumi iliyopita ningejibu "zote" kabla hajamaliza swali. Safari hii nilinyamaza mpaka akadhani simu imekatika.

Sababu ya kwanza ni mama watoto. Wiki moja kabla alikuwa ametoa hukumu nyumbani kwetu Donholm. "Baba watoto, mimi sina ugomvi na hivyo vidude vyako. Lakini mtoto anaingia shule ya upili na anahitaji kabati la vitabu. Chagua za kujaza katoni moja, hiyo sitaigusa kamwe. Zilizobaki utajua pa kuzipeleka." Katoni yenyewe ilikuwa ya viatu. Nikahesabu mali yangu: prosesa 214, na kati ya hizo kuna zile za Slot 1 ambazo kila moja ina ukubwa wa kaseti ya video iliyokatwa nusu.

Sababu ya pili ni ngumu zaidi, nami nitaifikia. Kwanza niwaeleze wageni tunazungumzia nini.

Prosesa ni ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. (Wapo watakaoniambia niseme tarakilishi. Nimesikia, lakini mtaani tunasema kompyuta.) Watu huiita ubongo, ila mimi naiona kama karani asiyechoka: anasoma amri moja, anaitekeleza, anachukua inayofuata, mamilioni ya mara kila sekunde. Ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa ikiwa chipu moja kamili, Intel 4004, ilitoka Novemba 1971 ikiwa na transista 2,300. Pentium ya kwanza ya mwaka 1993 ilikuwa na milioni 3.1. Simu uliyoshika sasa ina mabilioni. Kwa hiyo ukizipanga hizi chipu mezani kwa miaka yake, unaiona safari nzima kwa macho. Hapo ndipo ugonjwa huanzia.

Mimi nilianza kwa bahati tu. Nilikulia Umoja. Baada ya kidato cha nne nilifanya kama vijana wengine wote wa Eastlands: nikaenda kujifunza "pakeji", yaani Windows, Word, Excel na nyinginezo. Kisha nikahamia kwenye saiba ya mzee mmoja pale mtaani. Ilifunguliwa mwaka 2001, ikawa na kompyuta kumi na moja, zote mitumba kutoka Uingereza. Intaneti ilikuja kupitia setilaiti, na ukurasa mmoja ungeweza kukupa muda wa kwenda kununua mandazi na kurudi. Mimi sikuwa na pesa za dakika. Mzee akanipa kazi: nifagie, niondoe virusi, halafu saa tatu usiku akishafunga nikae kwenye mashine nambari nne mpaka saa nne na nusu bila malipo. Nambari nne ndiyo niliyoandikia ukurasa wangu wa kwanza wa wavuti na programu yangu ya kwanza. Mkate ninaokula leo ulianza kuokwa pale.

Saiba ilifungwa mwaka 2012. Mnajua ilivyokuwa. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, intaneti ikashuka bei, na mwaka 2011 simu ya IDEOS ikauzwa hapa kwa takriban shilingi 8,000. Kila mtu akawa na saiba mfukoni. Mzee aliuza makasha na viwambo, lakini kabla ya kuziuza mazabodi aliniita. "Kijana wangu, wewe unapenda hivi vitu. Toa zile prosesa uweke." Nikatoa kumi na moja: Celeron tisa za 433 MHz zinazofanana kama mayai, AMD Duron moja, na Pentium III moja iliyokuwa kwenye mashine ya kaunta.

Hapo nikajiona mkusanyaji kamili. Na mkusanyaji yeyote, awe wa stempu au wa sarafu, hufikia swali lilelile: unakusanya nini hasa, na nini hukusanyi? Kwa sababu prosesa ni bahari. Pentium III pekee ilianza na 450 MHz mwaka 1999 ikaendelea hadi zaidi ya GHz 1, ikatoka ya Slot 1 na ya soketi 370, na kila toleo lina kodi yake inayoanza na herufi SL. Mtu anaweza kumaliza maisha yake ndani ya Pentium III tu.

Wakusanyaji duniani wana njia zao za kupunguza bahari hiyo. Nyingi nimezijaribu:

1. Moja ya kila kizazi. Unaanza na 4004, unaenda 8080, 8086, 286, 386, 486, Pentium na kuendelea. Ni nzuri kwa kufundishia. Tatizo ni kwamba mwanzo wa mstari huo haupatikani Kariobangi. Utaununua kwa dola kutoka ng'ambo, ulipe posta na ushuru, na mwishoni utakuwa na mkusanyo uleule alio nao mtu wa Ujerumani au Japani.

2. Kampuni moja. Rafiki yangu mmoja hukusanya Cyrix peke yake. Ni kampuni ya Texas iliyoanza 1988, ikanunuliwa na National Semiconductor 1997, kisha jina likauzwa kwa VIA 1999. Uzuri wa kampuni iliyokufa ni kwamba orodha yake ina mwisho. Cyrix ndiyo pia iliyouza 6x86 iliyoandikwa P166+ huku ikikimbia kwa 133 MHz, kwa hoja kwamba inafanya kazi ya Pentium ya 166. Kwa hesabu za kawaida ilikaribia ukweli. Kwa hesabu za desimali, zile michezo ya wakati huo ilizitegemea, ilichechemea.

3. Zenye kisa. Maarufu ni Pentium za mwanzo zenye kosa la kugawanya, lililogunduliwa mwaka 1994 na profesa wa hisabati Thomas Nicely. Ukiiambia igawanye 4195835 kwa 3145727, jibu sahihi linaanza 1.33382, nayo inakupa 1.33373. Intel ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya kosa hilo. Sasa hivi chipu zenye kosa zinatafutwa kuliko zilizo sahihi. Binadamu!

4. Nzuri kwa macho. Kauri za rangi, vifuniko vya dhahabu. Mkusanyo huu hauhitaji kujua lolote, na sisemi hivyo kwa dharau.

5. Zinazowaka tu. Unajaribu kila moja kwenye mazabodi, isiyowaka inatoka. Hii inahitaji mazabodi nyingi kuliko prosesa, na mama watoto angenihamisha mimi badala ya katoni.

Mwaka 2013 nilichagua njia ya kwanza: moja ya kila kizazi na kila aina, hakuna kurudia. Kama mwandishi wa programu niliona ni usafi. Jedwali halitakiwi kuwa na mistari miwili inayofanana. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ndilo ile sababu ya pili.

Kulikuwa na mkusanyaji mwenzangu hapa Nairobi aliyekuwa na Pentium Pro. Kwa wasioijua, Pentium Pro ilitoka Novemba 1995 na ni mbuzi wa dhahabu wa ulimwengu huu: kauri nzito ya mstatili, pini 387, ndani yake chipu mbili kwenye kifuko kimoja, ya prosesa yenyewe na ya keshi, yaani ile kumbukumbu ya karibu anayoitumia karani ili asitembee mbali kila mara. Nilikuwa nikiiota. Akataka pesa kidogo na "hizo Celeron zako za ziada". Kwa sheria yangu, Celeron tisa za 433 ni moja na nakala nane. Nikampa nane, na shilingi 2,000 juu.

Ile moja niliyobakiza niliisafisha. Kila prosesa ya saiba ilikuwa na nambari juu yake kwa kalamu ya wino mzito, mzee mwenyewe aliandika, ili akizipeleka kwa fundi zisichanganywe. Mimi nikaona ni uchafu. Nikachukua pamba na spiriti, nikasugua mpaka ikang'aa, nikaipiga picha. Sikuangalia hata ilikuwa nambari gani.

Miezi michache baadaye mwenzangu akachoka na mchezo huu, akauza zake zote kwa mtu wa dhahabu.

Nieleze kidogo huyu mtu wa dhahabu, kwa sababu si mhalifu. Pini za prosesa hupakwa dhahabu kwa kuwa haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Ni utando mwembamba sana, lakini zile za kauri za miaka ya 1980 na 1990 zina zaidi, nyingine mpaka kwenye kifuniko. Bei ya dhahabu ilipita dola 4,000 kwa wakia mwaka 2025. Kwa hiyo prosesa zinakusanywa kwa kilo. Zikipita kwa watu wenye vifaa, sawa. Zikipita kwa vijana wenye asidi na beseni nyuma ya nyumba, ule moshi unawaharibu mapafu na yale maji yanaishia mtaroni. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka tangu 2022, inayowataka hata watengenezaji na waagizaji wa bidhaa kuwajibika kwa taka zake, lakini beseni halisomi sheria.

Basi, Celeron nane za saiba ya Umoja ziliingia huko. Na mimi sikujali, nilikuwa na Pentium Pro.

Nilikuja kujali mwaka jana. Nilikutana na mzee pale soko la Mutindwa, amezeeka, anatembea na mkongojo, lakini sauti ni ileile. Nikamwamkia: "Shikamoo mzee." Akaitikia, tukazungumza ya nyumbani, kisha akauliza, "Bado unazo zile zangu kumi na moja?"

Nikamwambia ninazo. Sio tatu. Nilisema tu "ninazo".

Akafurahi. Akaanza kuzitaja kwa nambari. Nambari saba ilikuwa ikizima ovyo kila jua likipiga dirisha. Nambari mbili ilikuwa ya mama mmoja aliyemwandikia mwanawe barua pepe kila Jumapili baada ya kanisa, kijana alikuwa Dubai. Nambari tisa ndiyo vijana walitumia kutafuta nafasi za vyuo. "Na nambari nne," akacheka, "hiyo ilikuwa yako."

Nilipanda matatu ya Donholm nikiwa nimeishiwa nguvu. Nikafikiria: nakala nane! Nani aliniambia ni nakala?

Wenzangu wa programu watanielewa hapa. Unapotengeneza jedwali la data, unachagua ufunguo, yaani kile kinachotofautisha mstari mmoja na mwingine. Ufunguo ukiwa ni jina la bidhaa, Celeron 433 tisa ni mstari mmoja na takataka nane. Ufunguo ukiwa ni mashine iliyotumika, ni mistari tisa kamili na hakuna inayojirudia. Data ni ileile. Mimi nilikuwa nimechagua ufunguo wa kiwanda bila kujua kwamba nachagua.

Nikatoa kioo cha kukuzia nikaanza kuzisoma upya prosesa zangu. Nyingi za Intel zimeandikwa MALAY, kwa sababu zilifungwa Malaysia, ambako Intel ilifungua kiwanda Penang mwaka 1972. Nyingine zimeandikwa PHILIPPINES, nyingine COSTA RICA. Kuna kodi ya toleo, kuna nambari ya kundi ambayo ukiijua kuisoma inakupa mpaka wiki iliyotengenezwa. Kila kitu kilichoandikwa juu ya prosesa kinahusu kuzaliwa kwake. Kwamba baadaye ilikaa kwenye ofisi fulani Uingereza, ikaingia kontena, ikashuka Kilindini, ikafika Umoja na kubeba barua za mama kwa mwanawe kwa miaka kumi, hakuna kiwanda kinachoandika hilo. Aliyeliandika alikuwa mzee, kwa kalamu ya wino, nami nikalifuta kwa spiriti.

Tangu hapo nimekuwa nikisumbuka na swali la mpaka. Katoni ya mama watoto ilinilazimisha tu kulijibu. Wiki iliyopita nililiandika kwenye karatasi:

Prosesa inaingia ikiwa ilifanya kazi Eastlands. Eastlands yangu inaanzia Barabara ya Jogoo inapoanza, Kaloleni na Makongeni, inapita Maringo, Jericho, Bahati na Buruburu, inafika Umoja, Donholm, Kayole na Dandora. Rafiki yangu wa Eastleigh amenuna. Anuni tu, mpaka ni lazima uwe mahali fulani.

Iwe ilifanya kazi kabla ya mwisho wa 2012. Baada ya hapo kisa ni cha simu, na simu akusanye mwingine.

Kuwe na mtu aliye hai anayeweza kuniambia ilifanya kazi gani na wapi. "Ilitoka mtaani" haitoshi.

Zinazofanana zinaruhusiwa, mradi mashine zilikuwa tofauti.

Sing'oi prosesa kwenye kompyuta inayowaka. Na sisugui chochote kilichoandikwa kwa mkono.

Ukiisoma haraka utaona ni sheria ya kukubali kila kitu: Intel, AMD, Cyrix, nzima, mbovu, inayong'aa, iliyokatika pini. Lakini nilipoipitisha kwenye zile 214, zilibaki 33. Nyingine zote sikuweza kusema zilitoka wapi. Nilizinunua Luthuli kwa mafungu, nilibadilishana, niliagiza ng'ambo, wala sikuuliza mtu. Z80 yangu, iliyobuniwa 1976 na watu walewale waliotoka kwenye kazi ya 4004, nje. Ile 386 yenye pini 132 zilizonyooka zote, nje. Na Pentium Pro, iliyogharimu viti vinane vya saiba, nje. Haijawahi kukanyaga Barabara ya Jogoo ila ndani ya mfuko wangu.

Usiku ule nilikaribia kuichana ile karatasi. Kila mkusanyaji atakwambia Pentium Pro ndiyo iliyokuwa bora kati ya nilizonazo, na Celeron ndiyo ya chini kabisa. Celeron yenyewe ilianza vibaya: ya kwanza ya mwaka 1998 ilitolewa bila keshi ya pili, ikachekwa. Baadaye mwaka huohuo wakaipa keshi ya kilobaiti 128 ndani ya chipu yenyewe, ikikimbia kwa kasi yote ya prosesa, wakati Pentium II ya mezani ilikuwa na kilobaiti 512 zinazokimbia nusu ya kasi. Ya bei nafuu ikaanza kumkanyaga kaka yake visigino. Ndiyo maana ofisi za Ulaya ziliijaza, na ndiyo maana zilipochoka nayo ikatufikia sisi kwa wingi. Mtaa wetu ulijifunza kompyuta juu ya chipu ambayo mkusanyaji haitaki. Nikaiacha karatasi kama ilivyo.

Basi Jumamosi nikaenda Kariobangi. Ndoo ilikuwa kweli imejaa, ya lita ishirini. Juu kabisa kulikuwa na 486 DX2 ya 66 MHz, kauri safi, pini 168, haina mkwaruzo. Fundi alikuwa ameiweka juu makusudi, anijua. "Hii najua hutaiacha," akasema.

Nikamuuliza swali ambalo katika miaka yote tuliyojuana sikuwahi kumuuliza. "Fundi, hii ilitoka wapi?"

Akaigeuza. "Hii? Sijui. Ililetwa na vijana wa mkokoteni."

Nikairudisha kwenye ndoo. Akaniangalia kama mtu aliyerudishiwa pesa asizodai.

"Kuna yoyote humu unayojua ilitoka wapi?"

Akavuta kigoda. Tukaimwaga ndoo kwenye gunia. Kwa muda mrefu hakupata kitu, kisha akachukua K6-2 moja. "Hii naijua. Ona hii pini ya pembeni, niliinyoosha mimi kwa sindano. Ilikuwa ya chuo cha pakeji pale Jericho. Mwanafunzi alijaribu kuirudisha kwa nguvu." Kisha Cyrix, ambayo aliitambua kwa sababu aliwahi kufunga feni mbili juu yake, gundi bado iko. Ilikuwa ya mama mmoja wa Buruburu aliyechapa programu za mazishi na kadi za harusi, na joto likizidi alikuwa akiipepea kwa daftari. Kisha Pentium MMX ya kanisa moja la Kayole. Kisha Pentium 4 mbili za duka la dawa la Dandora, zilizokuja siku moja baada ya umeme kurudi kwa kishindo.

Tulikaa karibu saa mbili. Chai ilikuja na kwisha. Mwishowe nilikuwa na tano mkononi, na ndoo bado imejaa. Fundi akauliza, "Hizo tu?" Nikamwambia hizo tu. Nilimlipa kuliko ambavyo angelipwa kwa kilo, kwa sababu alichoniuzia hakikuwa kauri. Prosesa kama zile zilitengenezwa kwa mamilioni, hazitaisha duniani leo wala kesho. Habari za pini ile na sindano ile anazo mtu mmoja.

Ile 486 ilichukuliwa Jumatatu. Sitaki kudanganya kwamba haikuniuma. Labda nayo ilifanya kazi Bahati au Maringo kwa miaka kumi. Sheria yangu inaiacha kwa sababu nimechelewa kumpata anayejua, na ndoo zinazofuata zitakuwa na wengi zaidi wa namna hiyo.

Jumapili nilibeba katoni ya viatu mpaka Umoja kwa mzee. Zilikuwa 38, nimezipanga juu ya sponji iliyofunikwa karatasi ya alumini ili umeme wa msuguano usiziguse. Nikamwambia ukweli: za kwake zilizobaki ni tatu, nane niliziuza, zikayeyushwa. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akanyoosha mkono nikampa ile Celeron inayong'aa. Akaiinua karibu na macho, akaitafuta nambari.

"Hii ni ipi?"

"Sijui mzee. Niliifuta."

Akaigeuza tena na tena. Inaweza kuwa ile ya mama wa Jumapili. Inaweza kuwa ya kuzima ovyo. Inaweza kuwa nambari nne yangu mwenyewe. Nafasi ni moja kwa tisa.

"Basi usiandike uongo," akasema. "Andika ni moja kati ya tisa."

Ndivyo lebo yake ilivyo sasa. Zile nyingine mbili, Duron na Pentium III, mzee alinipa habari zake ndefu, nikaziandika zote mbele yake.

Kwa zile zilizotoka: Pentium Pro na wenzake wazuri nimewauza kwa wakusanyaji wa ng'ambo, na pesa zimenunua kabati la vitabu. Thelathini hivi nimempa mwalimu wa kompyuta aonyeshe wanafunzi. Zilizovunjika nimezipeleka kwa watu wanaochakata taka za umeme kwa utaratibu. Katoni bado ina nafasi, mama watoto amekagua.

Na wewe ukiwa na kompyuta kuukuu chini ya kitanda pale Umoja au Kayole, sikuombi unipe prosesa. Ila kabla hujaiuza, chukua karatasi, andika ilikuwa wapi, ya nani, ilifanya kazi gani na miaka ipi. Ibandike ndani ya kasha. Wino wa kawaida unatosha.